Mbuzi akifa baada ya sindano, tuandike

MAONI

Katika koperative zetu tunahesabu vizuri vitu vingi. Tunajua kilo za kahawa zilizoingia depo. Tunajua nani amelipa mchango wake na nani bado. Tunajua mfuko wa maharagi uliuzwa franga ngapi soko la wiki iliyopita. Lakini ukiuliza: mwaka huu mifugo mingapi ilipata shida kisha kupewa dawa? Hakuna daftari la kujibu. Jibu liko ndani ya vichwa vya watu, na kwa kawaida ni fupi: "Walimupiga sindano, kisha akakufa." Inaishia hapo. Wanamzika, ao wanamla, na kesho yake kazi ya shamba inaendelea.

Maoni yangu ni haya: kila koperative yenye wafugaji iwe na daftari moja la kuandika shida zote zinazofuata dawa, ikiwa ni mbuzi, ngombe, nguruwe, kuku, kobayi, sungura, hata mbwa na paka wa nyumbani. Daftari hilo si la kutafuta mwenye kosa. Tunalihitaji sababu chupa ileile iliyomwangusha mbuzi wa jirani inaweza kuwa bado iko kwenye rafu ya farmasi, na kesho ni wewe utaenda kuinunua.

Dawa inaweza kufanya nini

Dawa yenye nguvu ya kuponya ina pia nguvu ya kudhuru. Madhara yake yanakuja kwa njia nyingi, na si yote yanaonekana siku ya sindano.

Kuna yale ya haraka. Mnyama anapewa penisilini ao chanjo, na kabla ya nusu saa mdomo na kope za macho vinavimba, ngozi inatoka mabaka, pumzi inakuwa ya taabu, anaanguka. Hapo kipimo kinaweza kuwa kilikuwa sawa kabisa. Ni mwili wa yule mnyama njo umekataa dawa. Kwa hiyo mtu anayepiga sindano asikimbilie nyumba nyingine mara moja. Akae kidogo, aangalie. Na veterineri awe na adrenalini ndani ya sanduku lake, maana ikichelewa haisaidii tena.

Kuna yale ya kipimo kuzidi. Levamizoli, dawa ya minyoo tunayoijua wote, haipendi kuongezwa "kidogo ili ifanye kazi vizuri". Ukizidisha mara mbili ao tatu, mbuzi anatoa mate mengi, anatetemeka, anaenda choo kila wakati, anaanguka. Mara nyingi inatokea ndani ya saa ya kwanza, na watu wanafikiri amekula majani ya sumu.

Kuna yale ya pahali pa sindano. Oksitetrasikilini ya asilimia 20, ile ya kukaa mwilini siku nyingi, inapewa mililita 1 kwa kilo 10. Ngombe wa kilo 300 anahitaji mililita 30. Ukizisukuma zote pahali pamoja, nyama inavimba na kuharibika. Inafaa kuzigawa sehemu tatu ao zaidi, kama lebo inavyosema. Na mbuzi mdogo aliyepigwa pajani anaweza kuanza kuburuta mguu, sababu sindano imegusa neva kubwa inayopita pale. Shingoni ni salama zaidi.

Kuna yale yanayojificha. Albendazoli ikipewa kondoo ao mbuzi mwenye mimba changa, ya mwezi wa kwanza, inaweza kuharibu mtoto. Hasara utaiona miezi minne baadaye, siku ya kuzaa, na hakuna atakayekumbuka ile dawa ya minyoo kama haikuandikwa.

Halafu kuna shida moja ambayo wengi hawaihesabu kuwa shida ya dawa: dawa ambayo haikufanya kitu. Umemtibu ngombe kwa kipimo cha kweli, siku zote zilizoagizwa, na ugonjwa ukaendelea kama vile umempa maji. Pengine dawa ilikaa juani sokoni. Pengine ilipita tarehe. Pengine ni ya bongo, dawa ya uongo. Pengine vijidudu vimeizoea. Hiyo pia iandikwe. Duniani wenye kazi ya kufuatilia dawa za mifugo wanaihesabu pamoja na madhara mengine, na hata mtu aliyejichoma sindano wakati wa kutibu ngombe wanamhesabu.

Kobayi na penisilini

Nichukue mfano mmoja unaotugusa sana huku Kivu. Nyumba nyingi zinafuga kobayi, wale wengine wanawaita simbilisi. Hawaombi pori la kuchunga, wanakula majani ya jikoni na ya shambani, wanaweza kufichwa wakati wa vita, na mtoto wa shule anaweza kuwa na wake wa kumpatia kalamu na daftari. Kwa mama asiye na ngombe, kobayi ishirini ni benki.

Sasa kobayi wanaanza kukohoa, ao mmoja ana kidonda. Mama anafanya kile ambacho kila mama mwenye huruma angefanya: anachukua kapsuli ya ampisilini ao amoksisilini iliyobaki wakati mtoto aliugua, anaifungua, anaitia ndani ya maji yao. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili wanaacha kula. Kisha wanaharisha, na ndani ya siku chache wanakufa mmoja mmoja, hata wale ambao hawakuwa wagonjwa. Mama anasema: "Ugonjwa umenishinda." Jirani anasema: "Kuna mutu ana roho mbaya juu yako."

Hapana. Ni dawa. Ndani ya tumbo la kobayi kuna vijidudu vizuri vinavyomsaidia kusaga majani. Penisilini na ndugu zake, ampisilini na amoksisilini, zinaviua. Nafasi yao inachukuliwa na vijidudu vibaya vya jamii ya klostridia, vinavyotoa sumu ndani ya matumbo. Sumu hiyo njo inaua. Sungura naye yuko katika hatari hiyohiyo, zaidi sana dawa ikipitia mdomoni. Na kwa sababu kifo kinakuja siku kadhaa baada ya dawa, macho hayaunganishi mambo hayo mawili.

Jambo hili si jipya. Mwezi wa tano mwaka 1940, kule Oxford, Uingereza, Howard Florey na wenzake walijaribu penisilini juu ya panya wanane waliotiwa vijidudu vya kuua. Wanne walipewa dawa, wanne hawakupewa. Asubuhi wale wanne wasio na dawa walikuwa wamekufa, na wale wa dawa walikuwa wazima. Dunia nzima ikafurahi. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1943, watafiti wengine wakaandika kwamba dawa hiyohiyo inaua kobayi. Dawa iliyookoa panya, na iliyookoa watu mamilioni, ni sumu kwa mnyama mwingine mdogo.

Tunaijua habari hii leo sababu kuna mtu aliona kobayi wanakufa na hakusema "wamekufa tu". Aliandika. Zaidi ya miaka 80 imepita, na bado kuna nyumba huku kwetu zinapoteza kobayi kwa njia ileile, maana maandishi yale hayajafika kwao, na yanayotokea kwao hayajafika kwa wengine. Koperative ingekuwa na daftari, nyumba ya kwanza ingepoteza, ya pili pengine ingepoteza, lakini ya tatu ingeambiwa: "Mama, hapana tia kapsuli ndani ya maji ya kobayi."

Paka ana habari yake pia. Huyu anayelinda mahindi yetu na panya hawezi kabisa parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua: damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kahawia ao wa samawati. Na dawa ya viroboto yenye permetrini, ambayo mbwa anaivumilia, inamtia paka mitetemeko mpaka kufa. Mnyama si mtu mdogo, na paka si mbwa mdogo.

Kilo ngapi, mililita ngapi?

Sehemu kubwa ya madhara tunayoona haitoki kwa dawa mbaya. Inatoka kwa hesabu. Chukua ivermektini ya asilimia 1, ile ya sindano. Kipimo chake kwa ngombe ni mililita 1 kwa kilo 50. Ndama wa kilo 50 anapata mililita 1. Mbuzi wa kilo 25, kwa kipimo hicho, ni nusu mililita. Sasa chupa imefunguliwa, siku ni ya kutibu, na mtu anasema: "Tumalizie na huyu mbwa mtoto, ana upele." Mbwa mtoto ana kilo 2. Bomba la sindano ni lile la mililita 5, alama ndogo hazionekani vizuri. Anapewa mililita 1. Amepata kipimo cha mnyama wa kilo 50, mara 25 ya uzito wake. Usiku anayumba kama mlevi, mboni za macho zinapanuka, haoni, anatetemeka, halafu analala bila kuamka. Tena dawa ile ya ngombe haikutengenezwa kwa ajili ya mbwa.

Ao chukua diminazeni, poda ya njano ya kutibu ugonjwa wa mbung'o na homa zingine za damu. Ile saketi ya gramu 2,36 inachanganywa na mililita 12,5 za maji safi, na inapewa mililita 1 kwa kilo 20. Ukitia maji nusu yake, kila tone linakuwa na nguvu mara mbili. Kwa ngombe pengine itapita. Kwa mbwa, ambaye hana uvumilivu mkubwa juu ya dawa hii, inaweza kugusa ubongo: siku moja ao mbili baadaye anatetemeka, anashindwa kusimama, anapoteza akili.

Kwa hiyo daftari ninalolitaka si la kuandika vifo tu. Ukiandika uzito na kipimo kila mara, utaona wewe mwenyewe hesabu ikikosewa, pengine kabla dawa haijaingia mwilini. Pale ambapo hakuna mizani, andika uzito wa kukisia, lakini andika. Hesabu iliyoandikwa inaweza kusahihishwa na mwingine. Ile ya kichwani haiwezi.

Si kila kifo ni cha dawa

Hapa nataka tusikilizane vizuri, sababu kuna shida ya upande wa pili. Kuna watu wanaonyamaza juu ya kila kitu, na kuna wengine wanaosema kila kitu ni dawa.

Fikiri chanjo ya PPR, ile peste ya mbuzi na kondoo ambayo dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wake. Timu inafika kijijini, inachanja mbuzi wote. Siku ya nne mbuzi watatu wanatoa makamasi, wanaharisha, wanakufa. Neno linazunguka milima mbio kuliko pikipiki: "Chanjo inaua mbuzi." Koperative ya jirani inaficha mifugo yake porini siku ya kuchanja. Mwezi unaofuata ugonjwa unaingia na unamaliza zizi zima.

Lakini PPR inaweza kukaa ndani ya mbuzi siku nne, tano ao sita kabla haijaonekana. Na chanjo inahitaji kama wiki mbili ili mwili ujenge nguvu. Mbuzi aliyekuwa tayari ameambukizwa asubuhi ya kuchanjwa atakufa, hata chanjo ingekuwa nzuri namna gani. Ni vilevile kwa kuku na ugonjwa wa Newcastle: ukichanja wakati ugonjwa umeshaingia kijijini, wengine watakufa, na lawama itaenda kwa matone ya chanjo. Kuku kupiga chafya siku chache kisha chanjo ni kitu kinachojulikana, kinapita. Kufa kwa nusu ya kuku si kitu cha chanjo nzuri, kunaomba uchunguzi.

Nani atatofautisha? Daftari. Kama imeandikwa kwamba mbuzi 120 walichanjwa kwa chupa zile, watatu walikufa, wote watatu kutoka zizi moja lililonunua mbuzi mpya sokoni wiki iliyotangulia, basi jibu linaanza kuonekana. Kama imeandikwa kwamba 40 walikufa, katika vijiji vitano, wote wa chupa za namba moja, hilo ni jibu lingine, na kazi ya kuchanja inafaa kusimama mpaka ijulikane. Bila hesabu ya waliopewa dawa na wakabaki wazima, hesabu ya waliokufa haisemi kitu. Mwenye kuandika kwa kweli anailinda mifugo mbele ya dawa mbaya, na anailinda dawa nzuri mbele ya uvumi.

Somo kutoka Ituri

Wengine wataniambia: hayo ni mambo ya Ulaya, huku kwetu kuandika kunabadilisha nini? Tuangalie Ituri. Kuanzia mwisho wa mwaka 2014 mpaka mwaka 2015, watu walianza kufika kwenye vituo vya afya shingo zimejipinda, uso na mikono vimekazana, ulimi unatoka. Wengi walikuwa watoto. Mwanzo walidhani ni ugonjwa wa uti wa mgongo, menenjiti. Zaidi ya watu 900 walipokelewa, na wengine walikufa.

Wauguzi waliwaandika wagonjwa, dalili zao, na dawa walizokuwa wamekunywa. Maabara yakapima. Kumbe vidonge vilivyoandikwa diazepamu ndani yake mulikuwa haloperidoli, dawa nyingine kabisa, ya kutibu magonjwa ya akili. Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kwa nchi zote. Kama kila kituo kingesema "ni menenjiti tu" na kutupa karatasi, vidonge vile vingeendelea kuuzwa.

Ile ilikuwa dawa ya watu, yenye vituo vya afya, wauguzi na madaktari wa kuangalia. Dawa za mifugo zinapita njia zilezile, mipaka ileile, soko lilelile, tena macho ya kuziangalia ni machache zaidi. Macho yaliyo karibu nazo ni yenu ninyi wafugaji.

Kwa nini tunanyamaza

Sababu ya kwanza ni ujirani. Aliyepiga sindano ni mtoto wa kaka, ao ni msaidizi wa mifugo ambaye kijiji kimemchagua chenyewe, ambaye anakuja hata usiku ukimwita. Kusema "mbuzi amekufa kisha sindano yake" ni kama kumshitaki. Naelewa. Kwa hiyo koperative iseme wazi, mbele ya wanachama wote, kwamba daftari la dawa si tribinali. Kisichosaidia ni kuuliza "nani alimuua?" Tuulize: "Alipewa nini, kiasi gani, na kisha tuliona nini?" Na msaidizi wa mifugo awe wa kwanza kuandika. Atakayepata faida ya kwanza ni yeye, sababu lebo ikiwa na shida, daftari litamtetea.

Sababu ya pili ni nyama. Mbuzi akianza kuanguka, kisu kinakuja mbio, ili hasara isiwe yote. Ile mbuzi pengine ilikuwa minervali ya mtoto. Hakuna mwenye haki ya kumcheka mzazi anayejaribu kuokoa hata nusu ya bei. Lakini mnyama aliyepigwa dawa jana ana dawa ile ndani ya nyama, na kila dawa ina siku zake za kungoja kabla ya kuchinja ao kunywa maziwa. Kwa oksitetrasikilini ya kukaa siku nyingi, siku hizo zinaweza kufika wiki kadhaa. Anayenunua nyama ile ni mtoto wa jirani yako. Na mnyama aliyekufa ghafla, damu inatoka puani ao nyuma, asipasuliwe hata kidogo: anaweza kuwa na kimeta, na kimeta kinaua watu. Koperative zenye mfuko wa kusaidiana zinaweza kufikiria kusaidia kidogo mwenye kupoteza mnyama kisha dawa, kama aliandika na hakuuza nyama. Msaada huo mdogo unaweza kulipa kuliko semina nyingi.

Sababu ya tatu ni ile niliyosikia mara nyingi: "Nitaandikia nani, na atanijibu lini?" Hiyo ni ya kweli, nitairudia hapa chini.

Cha kuandika

Daftari la mistari linatosha. Mtu mmoja anayejua kuandika vizuri analitunza, na wasiojua kuandika wanamwelezea. Kwa kila shida, tuandike:

– Tarehe na saa dawa ilipotolewa, na tarehe na saa shida ilipoanza.
– Mnyama gani, dume ao jike, umri, uzito wa kukisia, kama ana mimba ao ananyonyesha.
– Alikuwa anaumwa nini mbele ya dawa.
– Jina la dawa kama lilivyo kwenye chupa, nguvu yake (asilimia ao miligramu), namba ya loti, na tarehe ya mwisho.
– Ilinunuliwa wapi, na ilitunzwa namna gani: kwenye friji, nyumbani, juani.
– Kiasi kilichotolewa, na njia: mdomoni, chini ya ngozi, ndani ya nyama, juu ya mgongo.
– Dawa zingine za wiki ile, pamoja na majani ya kienyeji.
– Kilichoonekana, kwa maneno ya kawaida: "alitoa mate, alianguka upande, alikufa kisha saa mbili".
– Wangapi wengine walipewa chupa ileile, na wako namna gani.

Kisha mambo mawili ya mkono. Chupa isitupwe, hata kama imebaki tone moja. Ifungwe, iwekwe pahali pa baridi mbali na watoto. Na mwenye telefone apige picha ya lebo pande zote, na ya mnyama. Picha ya namba ya loti inaweza kufika kwa veterineri kabla mtu hajapanda pikipiki.

Usingoje kuwa na hakika. Kazi ya mfugaji ni kusema alichoona. Kazi ya munganga wa mifugo ni kutafuta sababu. Mtu akingoja hakika, hataandika hata siku moja.

Na wanaopokea?

Njia iko. Kuna veterineri wa sekta ao shefferi, kuna inspeksion ya kilimo, uvuvi na ufugaji kwenye teritware, na juu yake IPAPEL kwenye provensi. Farmasi iliyouza inafaa kujulishwa siku ileile, ili chupa zenye loti ile ziwekwe pembeni. Na kama ni mtu aliyejichoma sindano ao kumeza dawa, akimbizwe kituo cha afya pamoja na chupa.

Lakini nisema wazi: barua isiyojibiwa inaua barua inayofuata. Wafugaji wakituma habari mara tatu bila kusikia neno, mara ya nne watanyamaza, na watakuwa na haki. Kwa hiyo ninaomba vitu vitatu kwa walio juu. Ofisi za ufugaji zijibu, hata kwa mistari miwili: tumepokea, tunafanya hivi. Wauzaji wa dawa wakubali kurudisha chupa yenye mashaka na kuonyesha karatasi ya ilikotoka. Na mashirika yanayogawa dawa na chanjo vijijini, yaani pamoja na hili linalotoa jarida hili, yasihesabu tu dozi zilizotolewa. Yarudi kisha wiki mbili na kuuliza: wako namna gani? Kugawa dawa bila kurudi kuuliza ni kazi nusu.

Kwenu wana koperative ombi langu ni dogo. Kwenye mkutano unaokuja, kabla ya kufunga, chagueni mtu mmoja wa kushika daftari la dawa, na mnunue daftari lenyewe kwa mfuko wa koperative. Ukurasa wa kwanza, kila mwanachama aseme shida moja aliyoiona mwaka huu kisha dawa, hata kama ni ya kuku mmoja, hata kama tarehe ameisahau. Ninafikiri ukurasa ule utajaa kabla ya mkutano kuisha.